Mbwa Wetu na Kopo la Mashine

Siku mashine ya kusaga ilipowashwa nyumbani kwetu Kisesa kwa mara ya kwanza, kina mama walipiga vigelegele, baba alivua kofia, na mbwa wetu akatoka nduki. Alipita katikati ya miguu ya mchungaji aliyekuja kuibariki mashine, akaruka ua wa minyaa ambao hakuwahi kuuruka maishani mwake, akavuka barabara ya lami iendayo Musoma bila kutazama kulia wala kushoto, akapotelea mashambani. Hatukumwona tena mpaka kesho yake jioni.

Jina lake sitalitaja. Kwetu Usukumani mbwa anaweza kupewa jina la kumsema jirani. Unanyamaza mwaka mzima huku umekasirika, kisha unapata mbwa, unampa jina lenye ujumbe, na kila jioni unamwita kwa sauti ya juu ili anayehusika asikie. Jirani aliyesemwa na mbwa wetu bado yu hai, tunasalimiana vizuri, na mjukuu wake amemwoa binti wa dada yangu. Basi tumwache mbwa awe mbwa tu.

Alikuwa jike, rangi ya udongo, mguu mmoja wa mbele mweupe. Mama yake aligongwa na basi kwenye barabara hiyo hiyo wakati yeye hajafungua macho vizuri, nami nikamlea kwa uji na maziwa, nikimnywesha kwa kitambaa. Alinifuata kisimani, alinifuata chooni, na siku za Jumapili alinifuata kanisani akalala chini ya benchi kimya kuliko wazee wa kanisa. Sikuwa mtu wa kupendwa kirahisi wakati ule, nilikuwa na mdomo mrefu na hasira za karibu, lakini mbwa yule aliniona mimi ndiye mwisho wa yote.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Barabarani mitumba ilikuwa imetandazwa kila mahali, na huku watu wa ofisini walikuwa wanapunguzwa kazi. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye ununuzi wa pamba, na alipopunguzwa akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua pikipiki, mmoja akaoa mke wa pili. Baba alikwenda mjini Mwanza akanunua mashine kuukuu ya dizeli, akaileta kwa lori, akaijengea kibanda cha mabati uani. Kaka yangu, ambaye ndiye alitarajiwa kuiendesha, alikuwa ameshakimbilia mjini kutafuta kazi kwenye viwanda vya minofu ya samaki. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo hata leo siyasimulii. Nikakabidhiwa hendeli.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Msichana wa kuwasha injini ya dizeli kwa mkono alikuwa kioja, watu walikuwa wakisimama njiani kunitazama, na mimi kutazamwa sikuchukia.

Sasa nieleze habari za kopo, maana kopo ndilo lililoleta matatizo. Mashine ya dizeli ikiachwa yenyewe inakoroma tu. Mtu wa nyumba ya tatu anaisikia, wa kijiji cha pili hasikii. Kwa hiyo wenye mashine wote wa kwetu walitundika kopo kwa waya kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kila pumzi ya injini inaligonga kopo, kopo linapiga ukelele, na mama aliyeko shambani huko mbali anajua kwamba leo kwa fulani wanasaga. Biashara matangazo. Mpinzani wetu, aliyekuwa na mashine upande wa mnadani, alikuwa na kopo lenye sauti nzito ambayo baba aliionea wivu waziwazi. Basi akaenda kwa fundi wa mabati akaagiza kubwa kuliko lile. Fundi akalitengeneza kwa kopo la rangi, na lilipoanza kazi hata vikombe vya mama vilikuwa vikigongana kabatini.

Mbwa alikimbia kila asubuhi. Nikishika tu hendeli, kabla sijaizungusha, masikio yanalala, mkia unaingia tumboni, na mguu niponye. Siku ya nne lori la soda lilifunga breki kwa nguvu mpaka kreti mbili zikadondoka, dereva akashuka na matusi ya mikoa mitatu. Mbwa alikuwa amepita chini ya bampa. Baba alikuwa amesimama pale pale kando ya barabara na aliona yote.

Jioni aliniita.

"Msimu wa pamba ukiisha, baba yako mkubwa atakuja kututembelea," alisema. "Ataondoka na huyo mbwa. Kwake hakuna mashine wala lami."

"Baba, yule ni mbwa wangu."

"Ndiyo maana. Afadhali aishi mbali kuliko afe hapa mlangoni wewe unaangalia."

Nilimchukia usiku kucha kwa sababu alikuwa amesema kweli. Baba mkubwa alikuwa mfugaji, aliishi ndani kabisa kule Magu, na mbwa wake walikuwa wa kazi, wa kulala na ng'ombe na kula walichojitafutia. Mbwa wangu alikuwa amezoea kulala mlangoni pangu, na uji alipenda uliopoa.

Lakini kwanza baba alitaka kujaribu elimu yake. Baba alikulia kwenye ng'ombe, na Msukuma aliyekulia kwenye ng'ombe anaamini kwamba kila chenye miguu minne ni ng'ombe aliyekosea umbo.

"Maksai mgeni hafundishwi na mtu," aliniambia. "Unamfunga nira moja na maksai mzee aliyezoea jembe. Mzee akitulia, naye anatulia."

Hatukuwa na mbwa mzee. Tuliyekuwa naye ni punda wa bibi mmoja mteja wetu, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye punda wake alileta mahindi kila wiki na kusinzia kando ya kibanda mashine ikinguruma. Baba aliona mwalimu amepatikana. Akamfunga mbwa kamba ya shingoni, akaiunganisha na shingo ya punda, akarudi nyuma akafunga mikono kifuani. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini amri ilikuwa yake. Nikazungusha hendeli.

Kopo lilipolia, mbwa alizunguka miguu ya punda mara mbili, kamba ikakaza, na punda ambaye hakuwahi kuamka sawasawa tangu nimjue akaamka. Waliondoka pamoja. Gunia lilikuwa bado mgongoni, nalo likafunguka mdomo, mahindi yakamwagika kutoka kwetu mpaka kanisani, na kuku wa nusu ya Kisesa wakaja kwenye karamu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini vumbini.

"Maksai wako wamelima vizuri, baba," alisema, akijifuta machozi. "Na wamepanda kabisa."

Baba aliokota alichoweza kuokota, akamjazia bibi gunia kutoka ghalani kwetu, na habari za nira hazikutajwa tena.

Kilichotusaidia ni waya. Asubuhi moja, nimeshawasha, mbwa ameshafika kwenye minyaa kwenda zake, waya wa kopo ukakatika. Kopo likaanguka chini, mashine ikabaki na mkoromo wake wa kawaida. Nilichungulia mlangoni kutafuta kopo, nikamwona mbwa amesimama. Amegeuza kichwa. Sikio moja limeinuka, lingine bado. Kisha, taratibu, akakaa chini pale pale kwenye ua, akanitazama. Alikuwa hafurahii, lakini alikuwa amekaa. Kumbe mashine yenyewe aliweza kuivumilia. Alichokuwa anakikimbia ni lile tangazo.

Niliokota kopo likanichoma vidole, nikalificha chini ya pumba.

Siku zile baba alikuwa akienda mjini asubuhi kutafuta spea na dizeli, akirudi alasiri nimeshazima. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi yangu. Ila sikuweza kuiacha mashine nikakae na mbwa, na hapo ndipo yule bibi wa punda alipojipa kazi. Sikumwomba. Alikuja na kigoda chake na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, akaenda kukaa kwenye minyaa kando ya mbwa. Mashine ikikohoa, anampa kipande. Ikitulia, hampi. Mkono mtupu haulambwi, alisema, na wa kwake haukuwa mtupu hata siku moja. Mbwa akitulia vizuri, kesho yake kigoda kinasogea hatua moja kuelekea kibandani. Akirudi nyuma, kigoda nacho kinarudi nyuma.

Hiyo ya kurudi nyuma niliijua kwa kukosea. Siku ya tano au ya sita niliona kigoda kinakwenda polepole mno, nikatoka kwa hasira zangu, nikamshika mbwa ngozi ya shingo nikamburuta hatua tatu mbele. Alikojoa papo hapo. Kwa siku mbili hakunisogelea, hata uji nilimwekea akangoja niondoke kwanza. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mtu. Bibi hakunigombeza. Alichukua kigoda akakirudisha kwenye minyaa, akaanza upya, nami nikajifunza kufunga mikono yangu.

Tatizo likawa wateja. Mashine isiyo na kopo ni mashine iliyokufa, ndivyo walivyojua watu. Kina mama wa vijiji vya ndani walisikia kopo la mnadani linaita, letu kimya, wakapeleka madebe yao huko. Siku mbili nilikaa nikasaga mahindi ya majirani na ya bibi tu. Nilikuwa karibu kulitundika tena, roho inaniuma, bibi aliponiuliza kwa nini nimenuna. Nilipomweleza, alipiga makofi.

"Wewe nawe! Kwani watu wana masikio tu, hawana midomo?"

Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni mwa kanisa akawaambia wanawake wote: kwa karani wa mizani wanasaga kila siku, na safari hii ukisikia kimya, njoo. Jumatatu walikuja. Nadhani nusu yao walikuja kumwona mbwa anayesomeshwa. Walikaa foleni na nyungo zao na madebe yao, wakimtazama, na kila mmoja alikuwa na ushauri, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kitu mkononi. Alipopiga hatua mbele walimpigia vigelegele vya kunong'ona. Sijui kama umewahi kusikia wanawake ishirini wa Kisukuma wakipiga vigelegele vya kunong'ona. Nilikuwa nikicheka peke yangu ndani ya kibanda mpaka unga unanipalia.

Baba alitugundua siku alipokosa gari la kwenda mjini akarudi kutoka kituoni. Alifika barabarani akasikia mkoromo. Akatazama juu kwenye bomba, akaliona liko tupu.

"Kopo liko wapi?"

Niliingiza mkono kwenye pumba nikalitoa.

"Unafukuza wateja wangu kwa ajili ya mbwa?"

"Wateja gani waliofukuzwa, baba?" bibi akamuuliza kutoka kwenye kigoda chake. "Hebu tazama."

Baba aligeuka. Foleni ilikuwa imefika kwenye mpera. Akageukia upande wa pili, akamwona mbwa amelala hatua kumi kutoka kwenye injini inayonguruma, anatafuna kiazi. Baba yangu alisimama kwenye mizani miaka ishirini na kitu. Kitu kikipimwa mbele ya macho yake, habishani nacho. Akaniita pembeni.

"Huko mnadani wanasema mashine yangu ina kifua kikuu," alisema. "Sipendi. Kopo litarudi, mama, hilo ulijue. Fanya unavyofanya. Baba yako mkubwa akija nitalitundika lile kubwa mbele yake. Mbwa akikimbilia barabarani, anakwenda naye."

"Na asipokimbilia barabarani?"

"Basi umenishinda."

Aliniita mama, na baba alipokuwa akiniita mama ujue ameshaanza kulainika. Lakini neno lake lilikuwa neno.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa fundi wa mabati. Alikuwa Mkerewe, mtu wa koroboi, ndoo na makarai, banda lake liko kando ya barabara na kelele zake hazikupungua za kwetu. Nilimwambia nataka kopo la mashine lisilopiga kelele sana.

"Binti, watu wanakuja hapa wanataka kopo la kusikika mpaka Kiseke," alisema. "Wewe unataka la kunong'ona?"

Nilimweleza habari yote. Aliweka nyundo chini, na mpaka leo namheshimu kwa jinsi alivyokaa akafikiri, mtu mzima mwenye kazi nyingi, akifikiria mbwa. Alichukua kopo dogo la nyanya, akalipindisha mdomo, akalitoboa ubavuni, akalipuliza, akalitoboa tena. Kesho yake alikuja mwenyewe kulifunga. Nilipowasha, lilitoa sauti nyembamba kama ya kifaranga aliyepotea. Kina mama kwenye foleni walianguka kwa kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbwa, anamtazama usoni.

"Amepepesa macho tu," alisema. "Hilo linamtosha. Mwache nalo kwanza."

Baada ya kopo la nyanya alileta la maziwa ya unga, kwanza likiwa na matobo mengi, halafu akaziba tobo moja, halafu jingine. Kila alipoziba alikuja kuchuchumaa na kumtazama mbwa. Watu wa mnadani walifikiri baba ana wazimu, kila baada ya siku chache mashine yake ina sauti nyingine. Baba mwenyewe aliacha kwenda mjini asubuhi. Alisema spea zimepanda bei. Alikuwa anakaa mlangoni na gazeti la zamani asilolisoma.

Nisije nikafanya ionekane rahisi. Alasiri moja mvua ilitoka ziwani na radi zile za kwetu ambazo hugonga mawe ya milima na kurudi, na mbwa akaingia chini ya kitanda changu akagoma. Matobolwa hakuyatazama. Nilimbembeleza, nikaimba, mwisho nami nikaingia chini ya kitanda, tukalala huko wawili, pua yake kwapani mwangu, na kila radi ilipopiga nilihisi moyo wake unakwenda mbio kwenye mbavu zangu. Mama aliingia kufunga dirisha akakuta miguu yangu tu imetokeza.

"Huyu tulimzaa au tulimwokota?" aliniuliza, akaondoka.

Asubuhi tulirudi kwenye kopo la nyanya. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo letu lilichipua tena kila mvua iliponyesha. Nililia siku hiyo, nikiwa nimesimama nimeshika hendeli, kwa sababu msimu wa pamba ulikuwa unakwisha. Bibi alisogeza kigoda nyuma hatua nne.

Mpaka siku alipofika baba mkubwa, tulikuwa tumefika hapa: mbwa alikuwa mnene kwa viazi, alivumilia kopo la maziwa lililobaki na tobo moja, na alilala hatua sita kutoka mlangoni mwa kibanda. Ndani hakuwahi kuingia. Kopo kubwa hakuwahi kulisikia tangu siku waya ulipokatika.

Baba mkubwa alikuja kwa baiskeli, kibuyu cha maziwa mgando kimening'inia kwenye usukani na kamba ya katani imefungwa nyuma. Nilimpigia goti, nikasema shikamoo, akasema marahaba, na macho yangu hayakutoka kwenye ile kamba. Habari zilikuwa zimezagaa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku za sikukuu. Fundi alifunga banda lake. Hata mpinzani wetu wa mnadani alikuja, akasema anataka kuazima spana, mwongo mkubwa, alikuwa na spana nyingi kuliko sisi.

Baba alipanda juu ya pipa akalitundika kopo la rangi, akakaza waya mara tatu. Hakutaka kudanganya. Nilimwona anashuka na kujifuta mikono kwenye suruali, na nikajua naye anaogopa.

Niliingia kibandani peke yangu. Ukiwa ndani, nje huoni vizuri, mlango ni mwembamba na vumbi la unga ni jingi. Nilifikiri kusema hendeli imevunjika. Nilifikiri kusema naumwa. Halafu nikapiga moyo konde nikazungusha.

Kopo lililia na mabati yote ya kibanda yakalia nalo. Nikafungulia mahindi ya mama wa kwanza. Na pale pale, juu ya kelele zote, nikasikia foleni nzima imepiga yowe kwa pamoja, "Mayu wee!" yaani mama wee, na nikajua mbwa amekimbia.

Sikuweza kutoka, mahindi yalikuwa yanaingia na unga unatoka. Nilifumba macho. Niliona lile bampa la lori. Nilikuwa nasikiliza breki tu, katika kelele zile zote nilikuwa nasikiliza breki.

Kitu kikanigonga miguuni. Kilinigonga kwa nguvu nikashika ukuta. Mbwa alikuwa ameingia kwa mlango ule mwembamba, akapita chini ya lile bomba linalolia, akajipenyeza kati ya miguu yangu na ukuta, chini ya kitenge changu, akajibana hapo. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Katika Kisesa yote siku ile hapakuwa na mahali penye kelele kuliko pale aliposimama. Hakuwa ameacha kuogopa hata kidogo. Aliogopa vile vile kama siku ya kwanza, ila safari hii alikimbilia kwangu.

Baba mkubwa alikuja mlangoni na kamba yake, akainama akatazama chini ya kitenge. Alitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akaizungusha kamba kwenye kiganja chake mpaka ikawa fundo dogo, akaitia mfukoni.

Baba aliingia nyuma yake. Aliweka mdomo sikioni mwangu akapiga kelele ili nimsikie.

"Nilishushe kopo, mama?"

Baba yangu, na mpinzani wake amesimama pale nje anasikiliza. Nilitikisa kichwa, sijui hata nilimaanisha ndiyo au hapana, akanipiga bega akatoka, na punde kopo likanyamaza, injini ikabaki inakoroma.

Nilimwekea mbwa mkono kichwani, mkono mweupe wa unga, ukamwachia alama. Nilikuwa nalia na kucheka, machozi na unga vimefanya uji mashavuni, nisijali nani ananitazama. Mwenye mahindi ndiye aliyejali. Alikuwa amesimama mlangoni ananipigia kelele kwamba unga wake unamwagika, na kweli ulikuwa unamwagika, gunia limejaa mpaka shingoni. Nikaliziba mdomo kwa goti, mkono mmoja kwenye gunia, mwingine kwa mbwa, na hivyo hivyo tukamaliza kumsagia.